Kitanda Katikati ya Mji

Ndugu msomaji, kabla hatujaingia ndani, tuelewane kwanza kuhusu neno. Mimi nimekua nikijua kwamba hoteli ni mahali pa chai. Ukisema "twende hoteli" pale mtaani kwetu Kaloleni, maana yake ni madondo na chapati mbili, chumvi ndani ya kikombe cha plastiki, na ukutani karatasi inayokukumbusha kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mahali pa kulala pana jina lingine kabisa: lojing. Lojing ziko River Road na vichochoro vyake, ghorofani, juu ya duka la redio au la viatu, na mtu akikuona unatoka humo asubuhi hakuulizi ulilalaje.

Kwa hiyo hoteli ya tatu, ile yenye lifti na taulo nyeupe, kwetu ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka nje. Tulipatana nje yake. Tuliikinga mvua ukutani mwake. Kuingia? Ungeingia kufanya nini?

Agosti 2023 nililala ndani ya moja. Binamu yangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli mpya pale katikati ya mji (jina nalihifadhi, na sababu utaiona sasa hivi), na wafanyakazi hupewa usiku mmoja kwa mwaka kwa ajili ya mtu wa familia. Akanipa mimi, maana nilikuwa nimemchosha na habari za riwaya yangu ambayo sura ya kwanza inaanzia hotelini. "Sasa utaandika nini na hujawahi kulala huko?" aliniuliza. Swali la haki.

Mlangoni askari akanisimamisha. "Umeleta mzigo wa nani?" Nilikuwa na begi mgongoni, akadhani nimetumwa kuleta chakula. Nikamwambia mimi ni mgeni. Akanitazama viatu. Nyuma yangu wazungu wawili wakapita, mabegi yao yakipokewa kabla hayajagusa sakafu, mimi ningali nikitafuta kitambulisho mfukoni. Sikukasirika sana, maze; kijana mwenyewe ni rika langu, na lafudhi yake ni ya Eastlands kama yangu. Lakini swali lake lilipanda nami kwenye lifti, likaingia nami chumbani, na ndilo lililonikosesha usingizi juu ya godoro zuri kuliko yote niliyowahi kulalia. Makala haya yametoka humo.

Hoteli yenyewe ni ya mizaha. Meza ya mapokezi imetengenezwa mfano wa uso wa mathree, taa zake zinawaka. Ukumbini kuna pembea mbili za watu wazima. Ukutani wamemchora korongo wa Nairobi, yule ndege mwenye upara anayekaa juu ya miti akisubiri taka, wakamvika tai na miwani kama meneja wa benki. Kwenye kioo cha bafu wameandika kwa Sheng kwamba mji hautakungoja, na kando ya sinki kuna bata wa plastiki ambaye mpaka leo sijui alikuwa wangu au wao. Kitanda, kwetu kingelala watu wanne na ugomvi usitokee. Nilifungua pazia nikakutana na mnara wa Hilton, ule wa mviringo, umesimama gizani bila taa hata moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu.

Babu yangu ni mtu wa Machakos. Aliingia Nairobi mwaka 1958, akapata kazi katika hoteli moja ya wazungu, kazi ya vyumba. Neno la wakati ule lilikuwa "boi", hata kama boi ana watoto watatu. Wiki moja kabla sijaenda kulala, alikuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamuuliza.

"Babu, ulipokuwa pale hotelini, uliwahi kulala kwenye kitanda hata siku moja?"

"Mjukuu wangu, nimetandika vitanda vingi kuliko nywele za kichwa changu. Kulala ni kwa mgeni."

"Na wewe ulilala wapi?"

Akacheka. "Hilo ndilo swali hata polisi walikuwa wanauliza."

Basi tuanze na vitanda, kwa maana historia ya hoteli za Nairobi, ukiitazama vizuri, ni historia ya vitanda. Reli ilifika mahali hapa mwezi wa Mei 1899, penye maji baridi ya Wamaasai, na kwa muda mji ulikuwa mahema na mabati na matope. Mwaka 1902 serikali ilichoma bazaar ya Wahindi kwa sababu ya tauni. Mwaka huohuo wa 1902 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Mayence Bent, akaanzisha hoteli aliyoiita Stanley katika Victoria Street. Mwaka 1905 moto ukaila. Hakukata tamaa, alihamia jengo lingine, na mwaka 1913 akafungua New Stanley pale ilipo mpaka leo, kwenye kona ambayo sisi tunaijua kwa majina ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Zamani ilikuwa Delamere na Hardinge. Tazama majina hayo manne ujionee vita nzima vilivyopiganwa kwenye kona moja.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu magodoro ya hoteli hiyo. Kijana mmoja Myahudi, Abraham Block, aliyefika Kenya mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini, alisikia kwamba hoteli haina magodoro. Akanunua kitambaa na sindano, akapata nyasi kavu, akashona. Wageni wakalala juu ya nyasi za Nairobi. Block huyohuyo akaja kuinunua Norfolk mwaka 1927, na New Stanley yenyewe mwaka 1947. Kisa hicho kinapendwa sana na wanaoandika vitabu vya jinsi ya kutajirika. Mimi ninapokisoma huwa najiuliza kitu kidogo tu: nyasi zile nani alizikata? Si lazima uwe mtu wa siasa kuuliza hivyo. Ni swali la mwandishi wa hadithi, maana kila godoro lina mtu wa pili ambaye hatajwi.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Hii ndiyo ilikuwa hoteli ya mabwana, walowezi wenye ardhi na wawindaji wenye farasi. Veranda yake ilitazama barabara, na barabara ile ndiyo mahali ilipotokea habari ya tarehe 16 Machi 1922. Siku mbili nyuma serikali ilikuwa imemkamata Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina, aliyekuwa akiwahutubia watu kuhusu kodi, kazi ya kulazimishwa na kipande. Kipande, kwa ambaye hajui, kilikuwa karatasi ya alama za vidole ambayo kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuivaa shingoni ndani ya kibati. Sheria yake ilipitishwa 1915 ikaanza kufanya kazi baada ya Vita Kuu vya kwanza. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi wakidai Thuku aachiliwe. Wazee walipotaka kuwarudisha watu nyumbani, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwakejeli wanaume: wampe yeye suruali zao, wao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Walikufa watu zaidi ya ishirini, yeye akiwa miongoni mwao, na walioshuhudia walisimulia kwamba risasi nyingine zilitoka kwenye veranda ya hoteli, walowezi wakiwa na bunduki zao na pombe zao.

Siku hizi barabara iliyo mbele ya Norfolk inaitwa Harry Thuku. Mgeni akitaka kuagiza teksi usiku lazima alitamke jina hilo, apende asipende. Naomba msiniulize kama hiyo inatosha.

Sasa rudi kwenye swali la babu: huku mabwana wakilala Norfolk na New Stanley, Mwafrika alilala wapi? Mji haukutaka alale. Ulitaka afanye kazi mchana, halafu usiku apotee kama kivuli taa inapozimwa. Palikuwa na sheria za usiku. Mwafrika aliyekutwa barabarani saa zisizo zake bila karatasi alikuwa mzururaji, na mzururaji alirudishwa "kwao". Lakini watu walilala, bila shaka. Walilala Pangani, walilala Maskini, walilala Kaburini, vijiji ambavyo Waafrika walikuwa wamejijengea wenyewe kabla mji haujajua utawaweka wapi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana katika vitabu vya shule sehemu hii nilipitishwa mbio. Wenye nyumba wengi wa Pangani walikuwa wanawake. Wametoka Ugikuyu, wametoka kwa Wanandi, wametoka kwa Wamaasai, wengine wamekimbia ndoa, wengine wamekimbia njaa. Wakafika mjini, wakasilimu, wakachukua majina mapya na lugha hii hii ninayokuandikia, wakajenga nyumba za Kiswahili za udongo zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote. Vyumba wakavipangisha. Serikali iliwaita malaya, na ni kweli wapo walioishi kwa biashara hiyo. Lakini ukisoma walichosimulia wenyewe uzeeni utaona walichouza kilikuwa kingi zaidi: kitanda, maji ya moto ya kuoga baada ya kazi, chai asubuhi, mtu wa kukuuliza habari za kwenu. Mimi kwa maoni yangu hao ndio waliofungua hoteli za kwanza za Mwafrika jijini Nairobi. Hakuna bamba la shaba ukutani linalosema hivyo. Hata ukuta wenyewe haupo.

Haupo kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilitenga Pumwani iwe ndiyo mahali pa "wenyeji", ikaanza kuvunja vijiji vingine kimoja kimoja. Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba wakapelekwa kwenye nyumba mpya za serikali, na mtaa ule mpya watu wakauita Shauri Moyo. Nimepita Shauri Moyo mara elfu, nikienda kununua mbao au kutengenezesha jiko, na sikuwahi kujiuliza jina lilitoka wapi. Ni jina la mtu aliyeambiwa ahame, akanyamaza.

Na kisha kitanda kikapungua zaidi, kikawa nafasi ya kitanda. Halmashauri ya mji haikumpangisha mfanyakazi nyumba. Ilimpangisha mahali pa kulaza mbavu, chumba kimoja watu watatu au wanne, wanaume watupu, kila mtu na sanduku lake chini. Mke hakuhesabiwa. Mtoto hakuhesabiwa. Kaloleni yetu, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza iliyokubali kwamba mfanyakazi anaweza kuwa na familia. Babu alianza kwa nafasi ya kitanda, Kaloleni ikaja baadaye sana.

Tena kuna jambo alilonieleza bila kuulizwa, macho yake yakiwa na dawa, kwa hiyo sikujua analia au ni dawa. Aprili 1954 Waingereza waliufunga mji wote katika ile waliyoiita Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu na maelfu, wakapelekwa kizuizini. Kazi zao mjini zikabaki wazi, wakaitwa Wakamba, Waluhya, Wajaluo. "Nilipoingia," babu alisema, "wale waliotangulia waliniambia kitanda kile kilikuwa cha Mkikuyu fulani. Sikumwona. Nililala mahali pake miaka mitatu." Sikuwa na la kusema. Nimewahi kuwasikia watu wakigombana kwenye matatu kuhusu kabila gani lilipigania uhuru na lipi lilikaa. Wakati mwingine nitawaambia habari ya kitanda hicho, au labda nitanyamaza kama babu.

Ukuta wa rangi haukuwa na ufa? Ulikuwa nao. United Kenya Club ilianzishwa mwaka 1946 ili mzungu, Mhindi na Mwafrika waweze kukaa meza moja. Lakini huo ulikuwa mlango mdogo, wa waliosoma. Tom Mboya alikuwa amesoma, alikuwa mkaguzi wa afya wa jiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, na siku moja mama wa kizungu aliingia ofisini mwake na sampuli ya maziwa, akaangaza huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humu. Mboya yumo, amesimama. Nadhani yule askari wangu wa mlangoni angalau aliniona.

New Stanley yenyewe iliendelea kuwa kitovu cha mji. Husimuliwa kwamba kabla Soko la Hisa halijaundwa rasmi mwaka 1954, madalali walifanyia biashara yao kwenye baa ya hapo. Mwaka 1959 wakafungua mkahawa wa nje, Thorn Tree, na katikati wakapanda mgunga. Wasafiri wakaanza kubandika vikaratasi hapo: fulani, tumekungoja siku tatu, tumetangulia Kampala, fulani, mwandikie mama yako. Hapa na mimi, kama mwandishi, nasimama naona wivu. Mti mzima wa hadithi! Mti uliopo leo si ule wa kwanza, ulishapandwa upya, lakini jina limebaki. Hemingway naye husemwa alipita hotelini hapo miaka ya 1930. Sawa. Ila nilimuuliza babu kama wenyeji nao walibandika vikaratasi kwenye mti, akanitazama kama mtoto mpumbavu. "Sisi tulimpa mtu wa basi."

Uhuru ulikuja Desemba 1963 na baada yake Nairobi ilianza kupanda juu. Mwaka 1969 ikafunguliwa Hilton. Ebu fikiria, mji wa majengo ya pembe nne, halafu katikati yake unasimama mnara wa mviringo kama kikombe kilichopinduliwa, kama mchezo wa mtoto. Ulikuwa mzaha wa kwanza mkubwa wa mji huru, na watu waliupenda. Mwaka huohuo, tarehe 5 Julai, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka dukani katika Government Road, mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Victoria Street, ile ile ambako Mayence Bent alianza, ikapewa jina lake. Sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2011 iko jirani na mnara, mgongo wa mji wote unaipita.

Hilton ikawa anwani ya watu ambao hawakuwahi kulala ndani yake. "Tupatane Hilton." Umetoka shags mara ya kwanza, umeagizwa usimame Hilton. Umepata msichana, mnangojana Hilton, mfukoni una nauli ya mmoja. Wazazi wangu walikutania hapo, nje, penye kivuli. Kulala walilala kwingine, wengine wetu tukalala River Road, na aliyetaka kujua usiku wa River Road ulivyokuwa alimsoma Meja Mwangi, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu kizima kwa jina la barabara hiyo, chenye vibarua wanaojenga jumba refu ambalo wao hawatakaa. Wenzangu mnaotaka kuandika, kisomeni. Mimi nilikipata kwa muuza vitabu wa chini, ukurasa wa mwisho haupo, nikautafuta miezi miwili.

Hilton ilifungwa mwisho wa mwaka 2022. InterContinental, iliyofunguliwa mwaka mmoja nayo, ilikuwa imeshafunga tangu 2020. Wenye fedha walikuwa wamehamia Westlands na Upper Hill, ambako gari lina mahali pa kuegesha na hakuna umati. Kwa hiyo usiku ule wa Agosti, nikiwa dirishani na bata wangu wa plastiki, nilikuwa nautazama mnara ulioachwa na wale waliokuwa na haki ya kulala ndani yake, na chini yake, saa sita usiku, bado wapo watu watatu wanne wamesimama wakingojana. Mmoja alikuwa na sanduku.

Asubuhi nilitandika kitanda. Babu alinifundisha zamani: shuka inakunjwa pembeni kama bahasha, mto mdomo wake hautazami mlango. Nilijitahidi, nikapiga hata picha. Nikakutana na mama wa usafi kwenye korido, na kigari chake, umri wa mama yangu. Nikamsalimia, nikamwambia chumba changu hakina kazi, nimeshatandika.

"Asante baba," akasema kwa upole, akaingia, akazivuta shuka zote chini kwa mkono mmoja. "Lakini lazima zifuliwe."

Babu nilimpata nyumbani akisikiliza redio. Hakuuliza habari ya pembea wala korongo wala mathree ya mapokezi. Aliuliza jambo moja.

"Mito ilikuwa mingapi?"

"Minne, babu."

Akapunguza sauti ya redio. "Minne," akasema. "Mtu mmoja?"